Waya uingie moyoni, au tusubiri kifaa kipya?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Tanga. Kaka yangu ana miaka 41, ni dereva wa Coaster, anapiga tripu Mombo hadi Lushoto. Miezi mitano iliyopita alianguka stendi, akazinduka mwenyewe kabla hatujamfikisha hospitali. Wakampima wakasema moyo umetanuka, nguvu ya kusukuma damu ni asilimia 28, ila mishipa ya moyo haijaziba. Kuna kifaa cha kurekodi alichovaa siku mbili, kikaonyesha moyo unakimbia sana kwa vipindi, kisha unarudi wenyewe. Anakunywa dawa tangu hapo na amepata nafuu, lakini kipimo cha juzi bado ni asilimia 30. Sasa anaambiwa awekewe kifaa cha kushtua moyo, chenye waya unaoingia hadi ndani ya moyo. Binamu yetu aliyeko Muscat anasema hivyo ni vya zamani, waya wake hukatika, siku hizi kuna vipya ambavyo waya haugusi moyo kabisa. Je, asubiri hicho kipya? Na kama vya zamani ni vizuri, mbona kila baada ya muda wanatengeneza vingine?

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni. Naanza na jibu ili usisome ukiwa roho juu: asisubiri. Kwa maelezo yako, hicho cha waya ndicho kinachomfaa. Sisemi hivyo kwa sababu ndicho kilichopo hapa kwetu. Nasema kwa sababu ya sentensi moja kwenye barua yako, ile ya moyo kukimbia kisha kurudi wenyewe. Nitaifikia. Na binamu yenu wa Muscat hajadanganya: waya hukatika kweli, na vifaa anavyovisema vipo.

Kwanza tuelewane kwenye neno, maana Kiswahili chetu hapa kimetubana. Watu wakisema “mshtuko wa moyo” mara nyingi wana maana ya mshipa kuziba, nyama ya moyo ikakosa damu. Kaka yako mishipa yake iko wazi. Kinachomtishia yeye ni umeme. Nyama ya moyo uliotanuka ina makovu madogo madogo, na umeme ukipita humo hupotea njia, ukazunguka mahali pamoja, moyo ukaenda mbio mara 180 au 200 kwa dakika. Ukitulia wenyewe, mtu anasikia kizunguzungu au anaanguka na kuamka. Usipotulia, mbio hizo huvurugika zikawa mtetemo. Niliwahi kuuona moyo wa namna hiyo kifua kikiwa wazi, chumba cha upasuaji: unacheza wote, kama wavu wa dagaa unaotolewa majini, lakini hausukumi hata tone la damu. Kila dakika inayopita bila kushtuliwa kwa umeme, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa piga hesabu mwenyewe, kutoka kona za Mombo hadi mashine ya kushtua moyo iliyo karibu ni dakika ngapi.

Kifaa chenyewe kilizaliwa na msiba unaofanana na huu mnaouogopa. Michel Mirowski alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1924. Vita ilipoingia mwaka 1939 aliikimbia nchi akiwa kijana wa miaka 15, na nyumbani kwao akabaki hai yeye peke yake. Akasomea udaktari Lyon, Ufaransa, baadaye akafanya kazi Israel chini ya Profesa Harry Heller. Mwaka 1966 Heller akaanza kupata vipindi vya moyo kukimbia. Mirowski alijua vinakoelekea. Wakati ule namna pekee ya kumlinda mtu wa aina hiyo ilikuwa kumlaza kando ya mashine kubwa, na nani atalazwa wodini maisha yake yote? Heller akafia mezani, akila chakula na familia yake. Mirowski akaondoka na swali moja: ikiwa mtu hawezi kuishi kando ya mashine, kwa nini mashine isiingie ndani ya mtu?

Mwaka 1968 alihamia Baltimore, Marekani, hospitali ya Sinai, akaungana na daktari kijana aitwaye Morton Mower. Mwaka uliofuata walishalijaribu wazo hilo kwa mbwa. Wakubwa wa fani hawakufurahi. Bernard Lown, ambaye ndiye aliyeiendeleza mashine ya nje tunayoitumia mpaka leo, aliandika mwaka 1972 kwamba wazo hilo ni suluhisho lenye kasoro linalotafuta pa kutumika. Mirowski na wenzake wakapiga filamu: mbwa anaanguka, sekunde zinapita, kifaa kinapiga, mbwa anainuka na kutikisa mkia. Inasimuliwa kwamba wapo waliosema mbwa kafundishwa kuanguka, ikabidi waonyeshe na mstari wa umeme wa moyo pembeni ili watu waone mbwa haigizi.

Tarehe 4 Februari 1980, hospitali ya Johns Hopkins, mpasuaji Levi Watkins akamwekea mwanamke mmoja, binadamu wa kwanza. Watkins naye alikuwa na historia yake: alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu udaktari Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Siku ile ilibidi kifua kipasuliwe, kibao cha umeme kifungwe kwenye ncha ya moyo, na kifaa chenyewe, karibu robo kilo, kizikwe chini ya ngozi ya tumbo. Serikali ya Marekani ilikiidhinisha mwaka 1985. Lown alikosea, ingawa sikumlaumu niliposoma hoja zake. Kwa kifaa cha mwaka 1972 alikuwa na haki ya kuogopa.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu yanajibu nusu ya swali lako. Kupiga umeme, kazi waliyoambiwa haiwezekani, ndiyo iliyokuja kuwa rahisi. Hapa mezani nina kimoja kilichotolewa betri ilipokwisha. Kinatosha kiganjani kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichokwisha nusu, gamba la titani, kona zote zimeviringwa, gramu 70 na ushei. Ndani kuna betri ya lithiamu ya volti 3 hivi, kompyuta ndogo, na kapasita, yaani vihifadhi vya umeme, zinazojazwa kwa sekunde kama 10 mpaka volti 700 na zaidi. Umeme unaotoka ni jouli 40 hivi. Jouli 40 ni nguvu ya kuinua ndoo yenye lita 4 za maji kwa urefu wa mita moja, mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Ila hapa zinamwagwa ndani ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, sawa na kuwasha pasi tatu au nne kwa mpigo kifuani mwa mtu. Wagonjwa wangu wengi wanasema ni teke la punda. Na ndiyo sababu kifaa hakijawa kidogo kama sarafu: betri na kapasita zinataka nafasi, na hakuna ujanja wa kompyuta utakaozifuta.

Kilichobaki kuwa kigumu ni waya.

Waya wa kawaida unaingia kwenye mshipa chini ya mfupa wa mtulinga, upande wa kushoto, unashuka na damu mpaka chemba ya chini ya kulia, ncha yake ikajikita kwenye nyama ya moyo. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Maana yake waya unapindwa zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka, na pale juu unabanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza kila mtu anaponyanyua mkono. Jaribu kupinda waya wa kuanikia nguo mara 50 uone. Mwaka 2007 kampuni ya Medtronic iliuondoa sokoni waya wake uitwao Sprint Fidelis kwa sababu ya kukatika, na wakati huo takriban 268,000 zilishawekwa kwa watu duniani. Ulikuwa mwembamba, na sisi madaktari tuliupenda kwa wembamba huohuo. Mwaka 2011 ikaja zamu ya waya wa Riata, wa St. Jude: nyuzi za ndani zilitoboa gamba na kuchungulia nje.

Ukitaka kujua waya ukikatika inakuwaje, nikupe kisa cha mwalimu mmoja mstaafu aliyeletwa kwangu miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa anaanua nguo kambani. Kila akinyoosha mkono wa kushoto, kifaa kinampiga. Mara nne. Alifika ameubana ule mkono kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga, hataki hata nimpime presha. Nikamwekea kichwa cha programa, mashine ya nje ya kusoma na kupanga kifaa, juu ya kifua, nikavuta kumbukumbu. Kwenye skrini mapigo yake halisi yametulia, 78 kwa dakika, na katikati yake kuna michirizi midogo midogo ya kelele, mingine imeachana milisekunde 130. Moyo wa binadamu hauwezi kupiga na kupiga tena ndani ya milisekunde 130. Ule ulikuwa ni waya uliokatika, ncha zinagusana na kuachana, na kompyuta inahesabu kila mgusano kuwa ni pigo la moyo. Nikazima kazi ya kushtua, nikamwambia sasa hakitapiga. Akalia. Moyo wake siku ile haukuwa na tatizo lolote; kilichomtesa ni kifaa cha kumlinda.

Halafu kuna usaha. Vijidudu vikiingia kwenye mfuko wa kifaa vinapanda juu ya waya kama sisimizi juu ya kamba hadi kwenye vali, milango ya moyo. Hapo dawa peke yake haitoshi, waya lazima utoke, na waya uliokaa miaka 8 umeshashikana na ukuta wa mshipa. Kuuvuta ni kazi ya vifaa maalumu na mpasuaji akisubiri mlangoni, kwa sababu mshipa mkubwa ukichanika mgonjwa ana dakika chache. Vituo vya kazi hiyo katika ukanda wetu ni vya kutafuta kwa tochi.

Basi ndiyo maana wanaendelea kutengeneza. Ukivua majina ya biashara, vipya karibu vyote vinajibu swali moja: waya tuupitishe wapi?

Kundi la kwanza linalopitisha waya nje ya moyo liliongozwa na daktari wa Marekani, Gust Bardy. Kifaa kinakaa ubavuni chini ya kwapa la kushoto, na waya unalala chini ya ngozi kando ya mfupa wa kidari. Haingii kitu kwenye mshipa wala kwenye moyo. Ulaya waliuruhusu mwaka 2009, Marekani 2012. Nadhani hiki ndicho alichokisikia binamu yenu. Kwa kuwa umeme unatoka mbali, lazima uwe mwingi: jouli 80, na kifaa kina uzito wa gramu 130 hivi. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa PRAETORIAN, wagonjwa 849, nusu wakapewa hiki na nusu cha kawaida. Matatizo ya waya yalikuwa asilimia 1.4 kwa hiki kipya na 6.6 kwa cha kawaida. Ushindi huo. Lakini mishtuko isiyostahili ilikuwa 9.7 dhidi ya 7.3. Kikisikiliza moyo kwa mbali, wakati mwingine kinahesabu pigo moja mara mbili, kama mtu anayesikiliza ngoma kutoka kijiji cha pili.

Kundi la pili linautelezesha waya nyuma ya mfupa wa kidari, ukae mbele ya moyo bila kuingia ndani yake. Medtronic walikiita Aurora, na Marekani ilikiidhinisha Oktoba 2023. Kwa kuwa kiko karibu zaidi, jouli 40 zinatosha, na ukubwa wake unarudi kuwa kama wa kawaida. Katika utafiti uliochapishwa 2022, kilipojaribiwa mara baada ya kuwekwa kiliutuliza moyo kwa asilimia 98.7 ya wagonjwa. Ila nacho kilishtua bure karibu mtu mmoja kati ya kumi ndani ya mwaka usiotimia. Na anayekiweka lazima ajue kupenyeza chombo kati ya mfupa na moyo bila kuutoboa moyo. Mimi nisingependa kuwa mgonjwa wa tano wa daktari anayejifunza kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye sentensi yako.

Moyo wa kaka yako unakimbia kwa vipindi, mbio za mpangilio, kisha unarudi. Umeme uliopotea njia unazunguka kovu kama watoto wanaokimbizana kuzunguka mbuyu (siyo ule mbuyu mwingine mnaoujua). Sasa ukimweka mtu mbele ya yule anayekimbia, mchezo umekwisha. Kifaa cha kawaida kinafanya hivyohivyo: kinatuma vipigo vidogo, kwa kawaida 8, kwa kasi inayozidi kidogo ile ya moyo. Umeme unaozunguka unakuta njia imeshapitwa, unazimika. Mgonjwa hasikii kitu, au anasikia kifua kimepapatika. Utafiti wa mwaka 2004 uitwao PainFREE Rx II ulionyesha kwamba hata zile mbio za kasi sana, vipigo hivyo vilizima karibu robo tatu, bila teke la punda.

Kile cha chini ya ngozi hakiwezi hilo. Kinajua neno moja tu, jouli 80. Kwa kijana mwenye moyo wa nguvu ambaye hatari yake ni mtetemo wa ghafla, au mgonjwa wa kusafishwa damu ambaye mishipa yake tunaitunza, ningekichagua bila kusita. Kwa kaka yako ingekuwa kumhukumu apigwe teke kila moyo unapokimbia, hata pale ambapo ungezimwa kwa kubembelezwa. Kile cha nyuma ya kidari kinaweza kutuma vipigo vidogo, lakini katika utafiti uleule vilifaulu kwa takriban nusu tu ya vipindi. Kuna na jaribio la kuunganisha kile cha chini ya ngozi na kifaa kidogo kama kidonge cha kutuma vipigo vidogo, kinachowekwa ndani ya moyo bila waya, viwili hivyo viwasiliane. Matokeo yake ya kwanza yalitoka 2024 na yanatia moyo. Lakini hilo si jambo la kumsubirisha mtu aliyekwisha anguka stendi.

Jambo ambalo halitangazwi sana ni kwamba maendeleo makubwa kuliko yote ya miaka hii hayakuhitaji kifaa kipya. Mwaka 2012 utafiti wa MADIT-RIT uliwachukua wagonjwa 1,500 wenye vifaa vilevile, ukabadilisha mipangilio tu. Kundi moja kifaa kiliambiwa kisiingilie mpaka moyo uvuke 200 kwa dakika, jingine kikaambiwa kisubiri muda mrefu zaidi kabla ya kuamua. Tiba zisizostahili zilipungua kwa zaidi ya robo tatu, na waliokufa wakawa wachache pia. Yaani tulikuwa tunawapiga watu kwa haraka yetu. Kwa hiyo kaka yako akishawekewa, muulizeni daktari bila aibu: umekipanga kisubiri kiasi gani? Kwa mtu ambaye mbio zake zimesharekodiwa, kasi yake inajulikana, na mipangilio inashonwa kwa kipimo chake kama suti. Asipewe ile ya kiwandani.

Zaidi ya hapo ni maabara. Kundi la watafiti wa Göttingen, Ujerumani, na Cornell, Marekani, lilichapisha mwaka 2011 njia ya kutumia vipigo vingi dhaifu badala ya kimoja kikali, na kwa mbwa walipunguza umeme kwa asilimia 84, lakini hiyo ilikuwa kwenye chemba za juu, siyo za chini zinazoua. Mwaka 2016 watu wa Bonn na Johns Hopkins walituliza mioyo ya panya kwa mwanga, baada ya kuipandikizia jeni ya kuitikia mwanga. Ni kazi nzuri sana kuisoma. Kwa wajukuu zenu, labda.

Sasa, je, anakihitaji kweli? Ni swali la haki, na Wadenmark waliliuliza. Utafiti wao wa DANISH, mwaka 2016, uliwachukua watu 1,116 wenye moyo dhaifu usiotokana na mishipa kuziba, kama huu wa kaka yako. Kwa jumla, waliowekewa kifaa hawakuishi zaidi ya wenzao kwa kiwango cha kujivunia. Vifo vya ghafla vilipungua kwa nusu, kutoka asilimia 8.2 hadi 4.3, lakini wengi wao walikuwa watu wazima waliokufa kwa maradhi mengine. Wenye umri mdogo ndio waliofaidika. Yeye ana miaka 41, ameshaanguka, na mbio zake ziko kwenye karatasi. Sina wasiwasi naye. Tena madaktari wenu wamekwenda kwa utaratibu: wamempa dawa zaidi ya miezi mitatu kwanza, wakapima upya, bado yuko chini ya asilimia 35, mpaka tunaoutumia kuamua kifaa. Wengine kwa dawa tu wanapanda mpaka 45 na kifaa hakihitajiki tena. Dawa hizo, iwe carvedilol, spironolactone, dapagliflozin au nyingine alizoandikiwa, zinaendelea hata baada ya kifaa. Kifaa hakiponyi moyo. Nimezika mtu aliyeacha dawa kwa sababu “ameshawekewa mashine”.

Kwenye gharama sitakutajia bei, inabadilika, ila ni mamilioni ya shilingi na mjue kabla bima inabeba kiasi gani. Kuliko kuuliza kipya au cha zamani, ulizeni haya mawili. Cha kampuni gani? Na programa ya kampuni hiyo ipo hospitalini, au lazima itoke nje? Programa ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Nimewahi kupokea mtu aliyetoka ughaibuni na kifaa kizuri ajabu, kinalia ndani ya kifua kila asubuhi kutoa taarifa, na hatukuwa na mashine ya kukiuliza kinalilia nini. Ilituchukua siku tisa. Kwa hiyo hata kama binamu atajitolea kununua kipya huko, kifaa bila mtu wa kukisoma hapa ni mzigo.

Na mtu akiwaambia kuna kilichotumika, msimfukuze kabla ya kumsikiliza. Wakanada wa Montreal wamekuwa wakivisafisha vifaa vilivyotolewa, vyenye betri bado, na kuvipeleka Mexico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Honduras. Mwaka 2020 walitoa hesabu ya wagonjwa 1,051: maambukizi au vifo vilivyotokana na kifaa ndani ya miaka miwili vilikuwa asilimia 2.0, na kwa wenzao wa Kanada waliopewa vipya 1.2, tofauti isiyofika kiwango cha kuthibitishwa. Lakini huo ni mpango wa hospitali, wenye usafishaji na kumbukumbu. Kilichobebwa kwenye begi na ndugu, hapana.

Baada ya kuwekewa: mkono wa kushoto usipande juu ya bega kwa wiki nne hadi sita, waya ujishike. Simu isikae mfuko wa shati upande huo. Asiegemee mashine ya kuchomelea vyuma. Kikipiga mara moja na yuko sawa, apige simu kliniki siku hiyohiyo. Kikipiga mara mbili mfululizo, au mara moja na hajisikii vizuri, hospitali mara moja, na asijipeleke. Mkimshika wakati kinapiga hamtadhurika, msiogope. Na akianguka na hapumui, mkandamizeni kifua kama mtu mwingine yeyote, msikae kusubiri kifaa.

Umemaliza barua bila kuuliza kuhusu kazi, na kwangu hicho ndicho kilichonikosesha usingizi. Mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, moyo ulisimama uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akawekewa kifaa hiki, na miezi michache baadaye alikuwa anacheza Uingereza, Brentford kisha Manchester United. Hata Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekaa dakika 78 bila mapigo London mwaka 2012, yuko hai na kifaa chake, ingawa yeye aliacha mpira. Lakini Uingereza hiyohiyo iliyomfungulia Eriksen uwanja haimruhusu mwenye kifaa hiki kuendesha basi au lori tena, maisha yake yote. Gari lake dogo ataruhusiwa baada ya muda. Sababu ni rahisi: kifaa kinachukua sekunde 10 au zaidi kutambua na kujaza, na ndani ya hizo mtu anaweza kuwa ameshapoteza fahamu. Eriksen akianguka anaanguka peke yake kwenye nyasi.

Umeandika “anapiga tripu”, siyo “alikuwa anapiga”. Kama bado yuko kwenye usukani, ile barabara ya kona na abiria 30 nyuma yake, basi hilo lina haraka kuliko kifaa. Mwenye gari achukue funguo leo. Kama anaogopa kukosa mkate, aongee naye apewe kazi ya stendi, kupanga abiria na hesabu, wengi nimewaona wakiifanya. Kisha niandikie jina la kampuni mtakaloambiwa, nitakuuliza maswali mawili matatu ya kwenda nayo.